Somo la Tanga

Nilishika chaki kwa miaka 38, na katika hiyo, miaka 17 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa skuli ya kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nilistaafu mwaka 2011 nikiwa na umri wa miaka 60. Nikakabidhi funguo za stoo, daftari la mahudhurio na kengele, nikaenda nyumbani nikiamini kwamba mambo ya kufundishwa yamekwisha, na yaliyobaki ni ya kukumbusha wengine. Miaka 12 baadaye nilijikuta nimesimama baharini, maji yakinifika kiunoni, nimevaa jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, nikifundishwa kupanda ubao wenye tanga. Mwalimu wangu alikuwa mjukuu wangu wa kidato cha pili. Naandika habari hii si kwa kujigamba, maana msomaji ataona kwamba hakuna cha kujigambia, bali kwa sababu siku zile chache majini zilinifunulia deni nililokuwa nalo tangu mwaka 1983.

Mambo yalianza kwa ripoti ya skuli. Mjukuu wangu alishika nafasi ya 41 katika darasa la wanafunzi 52. Nilipouliza nikaambiwa kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana kijana hukimbilia ufukweni, kule ambako wageni hujifunza kuruka na kaiti na kupanda mbao za matanga. Mchezo huu wa pili vijana wanauita windisafu. Mimi nauita ubao wa tanga, na msomaji akiniruhusu nitaendelea kuuita hivyo.

Nikachukua bakora yangu, ambayo ilistaafu pamoja nami, nikaenda. Nia yangu ilikuwa kumpiga marufuku asikanyage tena ufukwe ule. Nikamkuta anamsaidia mgeni kuinua tanga. Aliponiona hakukimbia. Alikuja, akanipa shikamoo, kisha akasema kwa adabu kabisa: "Babu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu asikihukumu kitabu ambacho hajakisoma."

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mara nyingi mbele ya mistari ya asubuhi, na nilikuwa sikutegemea kama siku moja yatanirudia. Nikamwambia, "Vyema. Nipe wiki moja nikisome hicho kitabu chako. Baada ya hapo nitatoa hukumu."

Yafaa nikiri hapa kwamba ingawa nimeishi kando ya bahari zaidi ya nusu ya umri wangu, mimi si mtu wa bahari. Nilizaliwa Dunga, katikati ya kisiwa, mtoto wa mkulima. Nilipomaliza mafunzo yangu Chuo cha Ualimu Nkrumah, pale Beit-el-Ras, nikapangiwa kijiji hiki cha pwani, na hapa ndipo nilipooa. Katika miaka yote hiyo nilipanda ngalawa mara mbili tu, na mara zote mbili nilikaa kama mzigo.

Mke wangu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye ni mkulima wa mwani. Alianza na wenzake mwaka 1989, kilimo hicho kilipoingia Paje na Jambiani, na anaujua mchanga wa chini ya maji kama mimi ninavyoujua ubao wa darasani. Alinipa masharti mawili. La kwanza, suruali ipite magoti. La pili, "Ukianguka, usiangukie kwenye vigingi vyangu vya mwani."

Sasa nieleze chombo chenyewe. Ubao wa kuanzia si ule mwembamba ambao mabingwa huruka nao juu ya mawimbi. Ni mpana, kiasi cha sentimita 80 au zaidi, na ujazo wake ni kama lita 200, kwa hiyo hata mzee mwenye tumbo akisimama juu yake hauzami. Katikati una ubao mwembamba unaoshushwa majini kama kisu, na nyuma una pezi dogo. Tanga la mwanafunzi ni dogo, mita za mraba nne hivi. Mlingoti hausimamishwi imara kama wa ngalawa. Umeungwa kwenye ubao kwa kiungo cha mpira, kwa hiyo unaweza kulala upande wowote. Hakuna shikio la kuongozea chombo. Kuna mti wa kushikia, uliopinda na kulizunguka tanga pande zote mbili, na mpandaji akiulaza mlingoti mbele, omo inageuka kuukimbia upepo. Akiulaza nyuma, omo inageuka kuufuata upepo unakotoka. Kwa maneno mengine, mtu mwenyewe ndiye kamba, ndiye shikio, na ndiye nahodha.

Mjukuu wangu aliichagua siku kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona katika daftari lake la hesabu. Ilikuwa Januari, wakati wa kaskazi. Upepo huo hutuvumia kutoka kaskazini-mashariki, yaani unatoka baharini kwa mshazari, na mtu aliyeshindwa hurudishwa ufukweni taratibu. "Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, Babu, mwanafunzi hapandi," aliniambia. "Huo utakuchukua mpaka nje ya mwamba." Alitaka upepo mpole, kama kilomita 15 kwa saa, ule wa kutikisa majani ya mnazi bila ya kuyapigisha kelele. Akangoja maji mafu, kwa sababu wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mikondo inakuwa na nguvu. Tukaingia maji yakiwa yanajaa, si yakitoka.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: ukianguka, ukichoka, ukiogopa, usiuache ubao. Ubao unaelea, wewe utachoka. Ukishindwa kabisa, lilaze tanga juu yake, lala kifudifudi, piga makasia kwa mikono. Na ukitaka msaada, nyoosha mikono yote miwili ubavuni, iinue na kuishusha polepole, tena na tena. Alinifanya nirudie maneno hayo mara tatu. Nilitabasamu moyoni, kwa kuwa kurudiarudia nilikuwa nimemfundisha mimi.

Kisha nikaanza kuanguka.

Kuinua tanga ndiyo mtihani wa kwanza. Unauweka ubao ukingame kwa upepo, tanga likilala majini upande upepo unakoelekea, na upepo ukikupiga mgongoni. Unapiga magoti, unasimama, miguu miwili ikiukumbatia mlingoti, unashika kamba nene na kuvuta. Nilivuta kwa mikono na kiuno, kama mtu anayeteka maji kisimani. Tanga lililojaa maji lilikuwa zito kama gunia la nazi. Ghafla maji yakamwagika, tanga likawa jepesi, nami nikaenda chini kwa mgongo. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilifaulu kulitoa majini, nikashangilia, upepo ukalikamata, nikaangukia upande wa pili.

Mjukuu wangu hakucheka. Hakusema pia, "Nimekwambia." Alisema, "Mgongo wima, Babu. Kunja magoti. Acha maji yamwagike yenyewe, usiharakishe." Nilipoanguka mara ya saba alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Mimi katika miaka yangu 38, sidhani kama niliwahi kumweleza mtoto jambo moja mara saba kwa sauti moja. Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekwisha kupanda, na mara ya nne ulikuwa umekwisha kuletwa ufito.

Usiku ule viungo vyote viliniuma. Mjukuu wangu akakaa karibu na kitanda na simu yake, akanisomea historia ya mchezo huu ili kunipa moyo. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba hataza ya chombo hiki mwaka 1968. Kabla yao, mwaka 1964, Mmarekani mwingine, Newman Darby, alikuwa amekwisha kutengeneza ubao wake wenye tanga. Lakini miaka ya 1980 kesi ilipofika mahakamani Uingereza, ilielezwa kwamba mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling, mtoto wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alijitengenezea ubao wa namna hiyo na kuupanda hadharani. Majaji wakaikubali habari hiyo, na hataza ya wakubwa wale ikaanguka katika nchi ile. Mchezo wenyewe ulikwisha kuingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles.

Mjukuu wangu alilala, lakini mimi sikulala upesi. Nilikuwa nafikiri juu ya mtoto wa miaka 12 ambaye jambo alilolijua utotoni lilipokewa na majaji. Kuna kitu kilikuwa kinanigonga kwa ndani, nami sikuweza kukipa jina.

Nilikipa jina siku ya tatu. Siku hiyo tanga lilisimama na mimi nikasimama nalo. Nililiacha kwanza lipepee kama bendera, maana tanga linalopepea halina nguvu, ni salama. Nikashika ule mti kwa mkono wa mbele, nikauvuta mlingoti kifuani, nikaukaribisha mkono wa nyuma taratibu. Ubao ukaondoka. Ulitoa sauti ndogo chini ya miguu, kama ya kitambaa kinachochanwa polepole. Nadhani nilikwenda mita 60. Sijawahi kukaa katika kiti chochote cha heshima nikajiona mkubwa kama nilivyojiona katika mita zile 60.

Kisha nikataka kurudi, nikashindwa. Kila nilipogeuza, ubao ulizidi kuteremka na upepo kuelekea kusini. Mjukuu wangu alikuwa nyuma anapiga kelele, "Bisha, Babu! Bisha!" Neno hilo nalijua. Kubisha, kwa mabaharia, ni kwenda kinyume cha upepo kwa kukata mishazari, huku na huku. Nalijua kama neno. Mikono yangu ilikuwa hailijui. Na pale, nikiwa nimeshikilia tanga na sijui la kufanya, nikamkumbuka yule mtoto.

Ilikuwa mwaka 1983, nami nikifundisha sayansi darasa la sita. Nilikuwa nimeandika ubaoni: "Upepo husukuma tanga, na chombo huenda upepo unakokwenda." Mtoto mmoja wa mvuvi akanyoosha mkono, akasema, "Maalim, ngalawa ya baba inakwenda hata upepo ukitoka mbele." Nikamwambia akae. Hakukaa. Alikuja mbele bila ruhusa, akachukua chaki, akachora ngalawa, na mishale, na njia ya kukata mishazari. Darasa likacheka. Mimi nikadhani wananicheka mimi, na huenda ni kweli. Nikampiga fimbo nne za kiganja kwa utovu wa nidhamu, nikachukua kifutio, nikaufuta ule mchoro.

Na sasa, miaka 40 baadaye, tanga lilikuwa linanivuta. Sikusema linanisukuma, linanivuta, kwa mbele, na mikono yangu yote miwili ilikuwa inashuhudia. Kumbe upepo unapopita pande mbili za tanga lililopinda, upande wa nje kani ya hewa hupungua na upande wa ndani huzidi, na tanga huvutika kuelekea nje. Ubao ule wa chini unaushika maji ili chombo kisiteleze kwa ubavu, na kinachobaki ni kwenda mbele. Ndiyo maana chombo kinaweza kuukata upepo, si moja kwa moja usoni, lakini kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Yote hayo mtoto yule alikuwa ameyachora kwa mishale mitatu.

Upepo ukaendelea kuniteremsha mpaka zinapotiwa nanga ngalawa za kijiji. Mtu aliyekuwa anakwangua ngalawa yake akaingia majini, akaukamata ubao wangu kwa mkono mmoja kama anavyokamatwa mbuzi aliyekata kamba. "Shikamoo Maalim," akasema. "Upepo umekuleta kwetu leo."

Ndiye yeye. Sasa ni mtu wa makamo, mwenye wajukuu, na kijijini wanamwita Nahodha. Tumekuwa tukisalimiana kwa miaka 40, msikitini, harusini, mazikoni. Nilishuka, nikasimama majini mbele yake, na kabla haya haijanirudisha nyuma nikasema: "Nahodha, mwaka 1983 ulichora ngalawa ubaoni. Ulikuwa na haki. Mimi nilikosea, na nikakupiga. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya kidogo, akitazama maji. Nilitegemea aseme hakumbuki, kama watu wetu wanavyofanya kumsitiri mkubwa. Hakusema hivyo. Alisema, "Fimbo zilikuwa nne, Maalim. Fimbo si kitu, hata baba alinipiga. Kilichoniuma ni kile kifutio." Kisha akaongeza, "Lakini nilikusamehe zamani, siku nilipojua kwamba hujawahi kushika tanga. Nikasema, maskini, hakufanya makusudi."

Sisemi kwamba aliacha skuli kwa ajili yangu. Aliacha mwaka uliofuata, kwa kuwa baba yake aliumwa na ngalawa ilihitaji mikono. Lakini sijui kama angekuwa na hamu zaidi ya kurudi iwapo mchoro ule ungeachwa ubaoni hata siku moja tu. Mwalimu huhesabu wanaofaulu. Wanaotoka mlangoni kimyakimya hawana safu katika daftari la mahudhurio.

Nahodha aliniuliza kama najua kwa nini tanga huvuta. Nikamweleza habari ya kani ya hewa, kama nilivyoieleza hapo juu. Akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mimi huwaambia watoto wangu hivi: chukua mbegu ya fenesi, ile yenye utelezi, ibane kwa vidole viwili. Inakimbilia wapi? Hairudi nyuma, wala haiendi ubavuni. Kidole kimoja ni upepo kwenye tanga, kingine ni maji kwenye ubavu wa chombo." Msomaji wangu, nimesoma vitabu vya fizikia vya lugha mbili, na sikuwahi kukutana na maelezo mazuri kuliko yale.

Akanipandisha tena, akatembea majini kando yangu akiushika mkia wa ubao, akinielekeza lini nilaze mlingoti nyuma, lini nizunguke mbele ya mlingoti kwa hatua fupifupi na kushika upande wa pili. Mjukuu wangu akatufikia akihema. Wakanirudisha hivyo, mmoja kila upande, kwa mishazari mifupi, mpaka nilipotoka.

Wiki ilipokwisha nilitoa hukumu niliyoahidi. Bahari haikupigwa marufuku, ila itangojea: kazi za skuli kwanza, ubao baadaye. Na nilimpa mjukuu wangu zoezi moja la ziada, aandike katika daftari la fizikia yote anayoyajua kuhusu upepo, maji kujaa na kupwa, na tanga. Aliandika kurasa 11. Sitamdanganya msomaji kwamba kijana amekuwa wa kwanza darasani; hesabu bado zinamshinda, na tunazihangaikia usiku. Lakini sijamwita tena mtoto asiye na kichwa, neno ambalo naona haya kusema kwamba niliwahi kulitumia.

Kwa mzee mwenzangu atakayetamani kujaribu, nina machache ya kumwambia. Muulize daktari wako kwanza. Vaa jaketi hata kama maji ni ya kiunoni. Anza na ubao mkubwa na tanga dogo, katika upepo mpole unaoelekea nchi kavu, na usiende peke yako. Tanga likizidi nguvu, achia mkono wa nyuma, litapepea na kutulia. Pita mbali na mashamba ya mwani, maana ni jasho la watu. Na mtafute mwalimu ambaye ataweza kukwambia jambo moja mara saba, awe na umri wowote.

Siku hizi, kaskazi inapokuwa pole, mimi hutoka na kurudi mwenyewe, kama mita 200 hivi, mke wangu akinitazama kutoka mwanini kwake. Mara ya kwanza niliporudi bila kusaidiwa, Nahodha alikuwa ameketi ukingoni mwa ngalawa yake. Siku ile sikuwa hodari. Nilipoanguka alipaza sauti: "Moja, Maalim!" Nikapanda, nikaanguka. "Mbili!" Vijana ufukweni wakaanza kuhesabu pamoja naye. Ilipofika ya nne akasimama, akanyoosha kiganja juu, kile kile, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wakulima wa mwani: "Basi, Maalim! Tumelipana!"

Nilicheka sana, nikaanguka mara ya tano. Hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.